Sketi ya Mama Ilivyotoka Nyeupe

Saa tatu asubuhi, kwenye ukingo wa mto Sabarmati, pale ambapo bado kuna mchanga, sufuria kubwa inachemka juu ya kuni. Ndani mna maji mekundu, maua makavu ya porini na kitambaa kimoja cha urefu wa mita tatu. Kankuben, mwenye miaka hamsini na tisa, anakigeuza kwa mti mrefu huku moshi ukimtoa machozi.

"Usinisemeshe sasa," anamwambia mwandishi wa habari hii bila hata kumtazama. "Ukinisemesha nitaacha kugeuza, nikiacha kugeuza rangi itashika mabaka, na rangi ikishika mabaka nitakuchemsha wewe."

Mwandishi anarudi nyuma hatua mbili. Watu kama kumi na tano wamesimama kando, wengine wameacha nguo walizokuwa wakifua. Mtaa mzima unajua leo kuna nini. Kwa miaka thelathini na minane Kankuben amejaza rangi michoro ya wengine, na hiki ndicho kitambaa cha kwanza alichokichora mwenyewe, kuanzia pindo mpaka jicho la Mama.

Mama ni Bahuchara, mungu wao wa kike, anayepanda jogoo. Zamani watu wa jamii ya Kankuben walizuiwa kuingia mahekaluni. Wakasema sawa, wakamchora Mama kwenye vitambaa, wakavitundika pande nne, na hapo katikati pakawa hekalu. Mpaka leo, siku tisa za sikukuu yake zikikaribia, makuhani hutoka vijijini kuja kuagiza.

Katika nyumba hizi mwanamume huchora na mwanamke hujaza. Mumewe, Valjibhai, alichora kwa kijiti cha mwanzi na wino mweusi wa vyuma chakavu vilivyolowekwa kwenye sukari guru. Alifariki miaka mitatu iliyopita. Tangu hapo Kankuben amekuwa akijaza michoro ya majirani kwa rupia mia mbili na hamsini kwa siku.

Mwaka huu kuhani Lakhabhai aliagiza kitambaa kwa Popatbhai, mdogo wake Valjibhai. Popatbhai akapokea oda, akanyamaza kuhusu nani atakayechora.

"Mimi nichore?" anacheka Popatbhai, mtu mnene mwenye sharubu zilizopakwa hina. "Nikichora jogoo watu wananiuliza bata huyu ni wa nani. Mkono wa kaka uko kwa shemeji. Lakini kuhani tutamwambia nimechora mimi, yaishe."

Shemeji yake alizidi kugeuza kitambaa. Alijua Lakhabhai akikikataa kitambaa, hakuna kuhani mwingine atakayemwagiza, naye atarudi kujaza michoro ya watu mpaka macho yagome.

Sasa maji yamekolea. "Popat, shika upande huo!" anapiga kelele Kankuben. "Hetal, huku! Inua!"

Kitambaa kinapanda juu kikitiririka. Kwanza linatoka pindo, jekundu kama pilipili mbivu. Wanatoka wapiga ngoma, linatoka jua, anatoka jogoo, na kila kimoja kinapigiwa makofi. Hetal, mke wa mtoto wa Kankuben, anarukaruka mpaka bangili zinalia. Kisha anatokea Mama mwenyewe katikati, macho makubwa, mikono minane, upanga juu.

Makofi yanakatika. Sketi ya Mama ni nyeupe pe.

Nyeupe ndiyo rangi wanayovaa wajane. Kankuben mwenyewe amevaa sari nyeupe. Nyuma ya watu sauti ya mwanamke inasikika wazi kabisa: "Haya, mjane kamchora Mama, Mama naye kawa mjane!" Hakuna anayecheka.

Kosa lenyewe lingeweza kumpata mtu wa kazi hii tu. Mahali panapotakiwa kuwa pekundu hupakwa kwanza shabu iliyochanganywa na uji wa mbegu za ukwaju. Shabu haina rangi. Palipopakwa patanyonya wekundu ndani ya sufuria, na pasipopakwa patabaki peupe, mradi kitambaa kichemshwe mara moja tu. Wengine hutia udongo mwekundu kidogo ili waone walikopita. Kankuben hajawahi kutia. Siku zote amesema hayo ni mambo ya wanaojifunza.

Lakini mtu aliyejaza sketi za Mama kwa miaka yote hiyo amesahauje ya kwake? Jibu analitoa akiwa amekaa kwenye mchanga, kitambaa kimelala miguuni pake.

"Uso wa Mama ulikuwa wa mwisho," anasema. "Mimi nilikuwa najaza kila kitu, naiacha sketi. Mume wangu akishamaliza jicho la pili alikuwa anaita, 'Kanku! Mvishe Mama!' Hapo ndipo nakuja na bakuli langu. Miaka yote ni hivyo hivyo. Safari hii nilimaliza jicho, nikanawa mikono, nikakaa. Sikujua ninangoja nini. Hakuna aliyeniita."

Analia wazi wazi, na Hetal analia naye. Mwandishi pia, bila aibu, alijifuta macho kwa karatasi zake.

Popatbhai anakohoa. "Shemeji, nampigia Lakhabhai. Namwambia unaumwa, aje mwakani."

"Kuhani anakuja lini?"

"Jumatano asubuhi. Leo Jumatatu. Hatuwezi."

"Lete shabu."

"Ukichemsha mara ya pili nyeupe yote itaingia wekundu! Na wino huu mweusi unaweza kufifia. Utaharibu hata kilichopona."

"Popat, kilichopona ni nini, kama Mama amekaa hivyo? Lete shabu." Anavuta pumzi. "Na ulete na udongo mwekundu."

Popatbhai anatoa macho. "Udongo? Wewe? Leo nimeona makubwa!"

"Cheka haraka, halafu lete."

Siku hiyo hiyo, kitambaa kilipokauka, Kankuben aliipaka sketi hiyo kwa kijiti, mkunjo kwa mkunjo, akiona kila alikopita. Jumanne kutwa nzima kilianikwa juani. Hakula chochote isipokuwa kipande cha mkate wa uwele na kitunguu, na hata hicho Hetal alimlazimisha.

Jumatano jua linachomoza moto ukiwa tayari umewashwa. Wameshakisuuza kitambaa kwenye maji yanayokwenda, ili shabu iliyozidi ichukuliwe na mto. Safari hii watazamaji ni zaidi ya hamsini, na kuna muuza chai aliyeona biashara mapema. Kankuben anageuza haraka haraka, hataki kitambaa kikae ndani dakika moja zaidi ya inavyotakiwa.

Hapo ndipo kuhani Lakhabhai anaposhuka kwenye ukingo, saa nzima kabla ya muda wake, kilemba cheupe kichwani na fimbo mkononi. Alifika nyumbani, akaambiwa wote wako mtoni.

"Kitambaa changu kiko wapi?"

"Kinaoga, baba," anajibu Popatbhai, jasho likimtoka.

Kankuben hageuki. Anachungulia, anahesabu kwa midomo, kisha anapaza sauti: "Inua! Inua sasa hivi!"

Wanainua. Watu wamesimama kwa ncha za vidole. Pindo, wapiga ngoma, jua, jogoo. Wino umeshika, mweusi tititi. Pale palipokuwa peupe pameingia wekundu mdogo, kama wa shavu la mtoto aliyetoka juani. Halafu Mama. Sketi yake imekolea, nyekundu kuliko kitu kingine chochote kwenye kitambaa kizima, kwa sababu shabu yake ni mbichi. Kelele zinazopigwa hapo zinawarusha bata bukini mpaka ng'ambo ya mto.

Lakhabhai anapenya katikati ya watu. Anasogea, anakitazama kitambaa kwa muda mrefu. "Popatbhai, huu si mkono wako. Nakufahamu. Nani amechora?"

Popatbhai anafungua mdomo, lakini Kankuben anamtangulia. "Ni mimi, baba. Nilisahau sketi, ikatoka nyeupe. Nimeichemsha mara mbili. Sikufichi kitu."

Mjane amechora. Nyeupe ilitoka. Kuhani anatoa kifuko cha ngano kiunoni, anachota kwa ncha za vidole, na kuziweka punje kwenye kiganja. Kila mtu hapa anajua utaratibu: zinatolewa mbili mbili, na ikibaki moja peke yake, Mama amekubali.

Mbili. Mbili. Mbili. Hetal amefumba macho. Mbili. Kwenye kiganja cha Lakhabhai inabaki punje moja.

"Anasema amekipenda," anatamka kuhani. Kisha, kwa sauti ya mtu wa kawaida: "Na mimi nimekipenda. Wekundu huu sijauona tangu Valji alipoondoka."

Kankuben anachuchumaa na kufunika uso kwa ncha ya sari. Popatbhai anamzunguka akicheza ngoma isiyokuwepo, mpaka anateleza na kukaa mtoni na nguo zake zote.

Sikukuu ikapita. Lakhabhai akarudi na oda nyingine: vitambaa vinne, pande zote nne, hekalu kamili, kwa ajili ya sikukuu nyingine ya siku tisa, ya majira ya machipuko. Kankuben hajawahi kuota kazi kubwa hivyo. Amepanga kumaliza vyote kabla ya joto, na jioni anamfundisha Hetal kushika kijiti. "Jogoo wake bado anafanana na wa Popat," anasema, "lakini atafika."

Na shabu? Udongo mwekundu sasa anautia, hata wakimcheka.

Mwandishi alipomtembelea uani mara ya mwisho, Kankuben alikuwa ameinama juu ya kitambaa cha kwanza kati ya vile vinne. Alimaliza jicho la pili, akaweka kijiti chini, akakaa kidogo akitazama mlango. Kisha akainua kichwa na kuita kwa sauti iliyofika mpaka kwa jirani:

"Hetal! Mvishe Mama!"