Mwaka Mzima Bila Kuingia Maktaba

Nilikuwa mwalimu wa sekondari Muyinga nilipokubaliwa kusoma masta Gitega. Nilikulia kambi ya wakimbizi Tanzania, na Kifaransa, lugha ya chuo, nilikiokota ukubwani. Darasani nilijificha nyuma ya wenzangu. Maktabani hapakuwa na wa kujificha nyuma yake.

Siku ya kwanza nilimwambia mama mtunza vitabu kwamba nataka vitabu vya mbegu za maharage.

"Cote iko wapi?" akauliza.

Nilisikia koti. Nikajitazama, nikamjibu, "Koti nimeliacha nyumbani, mama."

Vijana wa mwaka wa kwanza waliopanga foleni nyuma yangu waliangua kicheko.

"Cote, namba ya kitabu! We uko masta, haujue cote?" mama akanifokea.

Nilitoka bila kuaga, nikatembea mpaka Magarama nilikopanga chumba, masikio yakiwaka moto.

Sikurudi. Mara mbili tatu nilifika kwenye ngazi za maktaba, nikageuka kama mtu aliyekumbuka shughuli. Nikajiambia utafiti wa kweli uko shambani. Mwaka mzima nilikwenda Itaba kuwahoji wakulima. Mjane mmoja aliacha kupalia, akanipangia mbegu zake kwenye ungo na kunitajia jina la kila moja. Niliandika yote, nikaona kazi imeiva.

Profesa wangu alisoma kurasa chache za rasimu, akaiweka chini.

"Umezipitia tasnifu za waliokutangulia?"

"Nimezipitia, profesa."

Hakubishana. Alinipeleka maktabani mwenyewe na kuagiza tasnifu moja. Itaba ile ile, mbegu zile zile, hata maswali yalikaribia kufanana na yangu.

"Ungekaa humu nusu saa tu," akasema polepole. "Sasa utaanza upya."

Nje nilimsimulia mwanafunzi mwenzangu, mama wa watoto wawili, yote tangu kicheko cha siku ile. Alitazama chini.

"Mi pia namuogopa yule mama wa maktaba," akasema. "Vitabu vyangu vyote ananiazimia mume wangu."

Tulikuwa tumekaa dawati moja tangu mwanzo, na hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake.

Ruhusa ya masomo niliyopewa kazini ilikuwa imekwisha. Nilirudi Muyinga, nikamwambia mke wangu kwamba masta imesogezwa mbele.

"Mpaka lini?"

Nikasema chuo hakijatangaza. Aliniamini, akaendelea kukunja nguo zangu na kuzipanga kabatini.