Akech, mama wa kufua aliyeokoa jeli ya mwarobaini

Saa mbili asubuhi, Akech anakoroga sufuria ya majani ya mwarobaini katika maabara ndogo kando ya Barabara ya Kangundo, mtaani Njiru. Anaepua, anachuja, kisha anaumimina mchuzi huo kwenye chupa ya maji yaliyoyeyushiwa madini ya fedha.

"Sasa tungoje," anasema.

Maji yanageuka manjano, halafu hudhurungi kama turungi iliyokolea. Akech anapiga makofi. "Imekubali!"

Rangi hiyo huonyesha kwamba fedha imekuwa chembe ndogo mno. Elfu moja zikipangwa mstari hazifikii upana wa unywele. Huchanganywa kwenye jeli inayofanyiwa majaribio ya kutuliza ngozi iliyovimba na kuwasha.

Akech, 41, hakusomea kemia. Kwa miaka kumi na minne alifulia watu nguo Kariobangi, siku nzuri akipata shilingi mia tano. Sabuni ya unga ilimla mikono.

"Vidole vilipasuka, vikafura. Kukanda unga wa chapati ilikuwa kilio," anakumbuka. "Binti yangu Tiffany ndiye alinikatia hata vitunguu."

Miaka miwili iliyopita aliitwa maabara kufua makoti. Mkemia mwenye mradi, Dkt Yurub Magan, aliiona mikono ile, akampa glavu na kazi ya kudumu ya kuosha chupa.

Machi mwaka jana mambo yaliharibika. Wiki tatu mfululizo mchanganyiko ulikataa kugeuka rangi, ukabaki na ukungu mweupe. Dkt Yurub aliyashuku majani, akabadilisha miti. Wapi! Na wafadhili walikuwa wanakuja Ijumaa kuamua kama mradi utaendelea.

Jumatano, glavu ya Akech ilitoboka. Akanawa mikono kwa maji ya mtungi, yale yaliyonunuliwa kama maji safi ya maabara. Povu halikutoka.

"Daktari, haya ni maji ya kisima."

"Mama Tiffany, si yameandikwa yamesafishwa?"

"Yameandikwa, lakini sabuni imekataa. Mimi nimefua na maji ya kila aina hapa Eastlands."

Dkt Yurub alidondosha fedha kidogo kwenye maji hayo, bila majani. Yakawa meupe papo hapo. Chumvi ya kisima ilikuwa ikiinasa fedha kabla majani hayajaanza kazi.

"Nilikaa chini nikacheka hadi machozi," anasema daktari. "Nimesoma chuo kikuu miaka tisa, na maji niliyaamini kwa sababu ya karatasi iliyobandikwa mtungini."

Wakatafuta maji mengine. Ijumaa wageni walikuta chupa kumi na mbili za hudhurungi zimepangwa mezani, na mradi ukaongezewa miaka miwili. Akech akapandishwa kutoka kuosha chupa hadi kuchemsha majani.

Jeli bado haiuzwi. Watu sitini waliojitolea wanaijaribu, na Dkt Yurub anaonya kuwa ni mapema kusema inaponya. Akech naye hadanganyi mtu: mikono yake ilipona kwa glavu na kuachana na sabuni kali.

Januari ataanza kozi ya ufundi wa maabara, darasa moja na vijana wa umri wa Tiffany. Lakini ndoto yake kubwa iko Kariobangi, kwa wanawake wanaokaa kando ya ukuta wakingoja kuitwa kufua.

"Ikipita majaribio, nitawapelekea mwenyewe," anasema. "Nitawaambia hii nimeipika mimi. Watanicheka kwanza, halafu watanyoosha mikono."