Nilivyomvua mwamuzi kofia kwenye mashindano ya ngoma Korogwe

Wakuu, za Jumapili. Walionizidi umri shikamooni, ingawa kwa nyuzi ninazosoma humu sidhani kama mpo wengi.

Juzi nimekuta kijana mmoja ameandika kwamba enzi za Ujamaa watu hawakuwa na starehe, ni jembe na mikutano tu, na kwamba raha za mjini zimekuja na nyie. Nilicheka peke yangu hadi mjukuu akaja kuniuliza kama nimesahau kumeza dawa.

Kijana, hukuuliza, ngoja nikusimulie. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, siongezi chumvi, na wawili tuliokuwa nao siku ile bado wako hai hapahapa Manundu, Korogwe. Nikidanganya watanisuta.

Mimi ni bibi wa Kizigua, kwetu Handeni. Miaka ya sabini mwanzoni ndio kwanza tumehamia kijiji cha ujamaa, nyumba bado zinanuka udongo mbichi. Asubuhi shamba la pamoja, mahindi na pamba. Jioni tunacheza selo, ngoma yetu ya Kizigua, na mimi ndiye niliyekuwa naimbisha. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto.

Sasa Korogwe ya wakati ule. Mashamba ya mkonge yalikuwa yamekusanya watu wa kila upande. Wanyamwezi, Wamakonde, Wabena, Waha, Warundi, Wamakua wa Msumbiji, Wanyasa wa Malawi. Mjini kuna Wahindi na maduka yao, Wagiriki wachache waliobaki, na Wasambaa wanashuka na matunda kutoka milimani. Ukipita kambi kwa kambi unasikia lugha saba kabla hujamaliza muwa ulioushika.

Asubuhi mpira, mchana ngoma, jioni dansi la magitaa ya umeme kwenye ukumbi wa wafanyakazi. Gari la sinema likija, shuka jeupe linatundikwa ukutani na watu wanakaa chini na watoto mapajani. Nyie mnaita hiyo festival. Sisi tuliita Jumapili.

Basi kijiji kikapata mwaliko. Shamba moja kubwa la mkonge liliandaa mashindano ya ngoma, na mshindi angekwenda kucheza Tanga mjini.

Kwetu tatizo lilikuwa baba.

Baba yangu alikuwa mtu wa swala tano na maneno machache. Ngoma ya kijijini aliivumilia. Ngoma ya kambi za mkonge, mbele ya wanaume wasiojulikana kwao ni wapi, hakutaka kuisikia. Shangazi Mwanahawa, dada yake, ndiye aliyekuwa mkuu wa kikundi. Alimbembeleza siku tatu, na siku ya nne baba akasema maneno ninayoyakumbuka mpaka leo.

"Nampa safari moja. Mkirudi na heshima, ataendelea kucheza. Mkirudi na neno lolote la aibu, hiyo ndiyo ngoma yake ya mwisho."

Mtu asiyecheza hawezi kuelewa. Ile ngoma ndiyo kitu pekee nilichokuwa nacho kisichokuwa cha kijiji wala cha baba. Niliitikia ndiyo baba, nikaenda nyuma ya nyumba nikalia kwa furaha na woga kwa pamoja.

Tukapanda lori la kijiji alfajiri. Wanawake kumi na mbili, wapiga ngoma watano, na vijana wa Kimasai wa maeneo yetu waliokuwa wanakwenda kuruka ngoma yao. Njia nzima vumbi. Tulipofika tulikuwa weupe mpaka kope, Shangazi akatupeleka bombani tukaoga kwa zamu.

Sasa hapa nisimame kidogo niwaeleze vijana kuhusu utani, maana naona mnadhani utani ni kutumiana vikatuni.

Sisi Wazigua ni watani na Wanyamwezi tangu enzi za misafara. Wao walipita kwetu wakienda pwani, wakila, wakilala, wakigombana na sisi na kupatana. Mtani unaweza kumwambia neno lolote na hakasiriki. Unaweza kuchukua kitu chake, hukirudishi mpaka aje akikomboe kwa maneno na vicheko. Akifa, mnakwenda msibani kwake kufanya vituko mpaka wafiwa wacheke. Usipotaniwa na mtani wako ujue kuna tatizo.

Ndio maana Shangazi, ili kuniondoa woga, aliniinamia akanionyesha kibanda cha makuti upande wa pili wa uwanja. Akaniambia wale pale ni kambi ya Wanyamwezi, nenda kawasalimu watani zako, mwili uchangamke.

Nikaenda.

Walikuwa kama wanane wanakunywa togwa. Katikati yao kakaa mtu mzima, mrefu, shati jeupe limepigwa pasi, na kichwani pama la kijivu, ile kofia ya ukingo mpana. Nikasema moyoni, huyu ndiye mkubwa wao, nianze na huyu.

Wakuu, nilimvua lile pama, nikalivaa mimi. Nikasema kwa sauti ya kuimbishia ngoma, uwanja mzima usikie, "Kichwa cha kubebea pembe za ndovu hakivai pama."

Kwa Mnyamwezi hilo ni jambo la kucheka. Babu zao ndio waliobeba pembe, wanajua, nasi tunajua, na yeye angenirudishia kubwa zaidi kuhusu babu zangu.

Hakucheka mtu. Yule mzee wa pama alinitazama tu. Mimi nikadhani ananitafutia jibu, nikakimbia na kofia yangu kichwani nikicheza, nikarudi kwa wenzangu kujisifu.

Haikupita dakika, Mnyamwezi mmoja akaja mbio kwa Shangazi. Akasema yule si wa kwao, alikuwa amekaribishwa togwa tu. Ni Bwana Phiri, Mnyasa, karani wa stoo. Halafu akaongeza kwamba ndiye mwamuzi mkuu wa mashindano.

Nikalivua lile pama kichwani upesi.

Mnyasa hana utani na Mzigua. Kwa hiyo nilikuwa nimemtukana mtu mzima, mgeni wa nchi, mbele ya watu, nikamwita mtoto wa wachukuzi, kisha nikaondoka na mali yake. Nilimuona baba kabisa, kasimama mlangoni ananisubiri.

Shangazi hakunigombeza. Alinishika mkono akaniambia twende ukaombe radhi, upige goti.

Bwana Phiri alikuwa ameshakaa kwenye meza ya waamuzi, saa nane ya mchana, jua la Korogwe mnalijua. Kipara chake kilikuwa kinang'aa. Watu wameanza kukitazama na kunong'ona. Nikapiga goti, nikamnyooshea kofia kwa mikono miwili, nikaanza kusema shikamoo baba, naomba.

Akainua mkono kunikatiza.

"Mwamuzi hapokei kitu kutoka kwa mchezaji. Rudi na kofia. Kacheze kwanza."

Akaendelea kuandika. Jasho linamtiririka, na mwamvuli aliopelekewa na mwenzake akaukataa.

Nikarudi nayo. Hatukujua tuiweke wapi. Chini haiwezekani, kichwani kwangu ndio kabisa. Mwisho Shangazi akaomba kiti, akakiweka pembeni ya duara letu, akalikalisha lile pama juu yake peke yake kama mgeni rasmi.

Wamakonde wakacheza kabla yetu, na wale watu acheni tu. Uwanja ulitikisika. Kisha tukaitwa sisi.

Wapiga ngoma walikuwa wameshazipasha moto, zinalia vizuri. Nikaingia kuimbisha. Wimbo tulioufanyia mazoezi miezi miwili ukanitoka kichwani wote. Nikatazama kile kiti. Ndipo nikakumbuka kwamba kwetu muimbishaji ana ruhusa ya kutunga palepale, na kwamba ukimkosea mtu hadharani, ngomani ndipo mahali pa kumwomba radhi hadharani.

Nikaimba kwa Kiswahili ili asikie:

"Karani wa watu, nimekukosea,
pama la mgeni nimedhani la mtani.
Jua linakuchoma, na kosa ni langu,
nipe adhabu, usiwape wenzangu."

Wanawake wakaitikia "nimedhani la mtani, nimedhani la mtani," wakaanza kukizunguka kile kiti kwa selo, wakipita wanaliinamia pama. Wanyamwezi kule kibandani wakapiga kelele za furaha, wakadakia kiitikio. Halafu Wabena. Halafu kambi nzima, hata wasiojua neno pama ni nini. Sijawahi kuitikiwa na uwanja wa namna ile tena maishani, na nililia huku nacheza.

Bwana Phiri hakuinua kichwa. Aliandika tu.

Matokeo yakasomwa: Wamakonde wa kwanza, sisi wa pili. Hakuna Tanga. Ila niseme ukweli, walistahili, hata mimi ningewapa.

Watu walipoanza kutawanyika kwenda kusubiri dansi, yeye ndiye aliyetufuata kwenye lori. Nikapiga goti tena. Akaniambia nisimame, na kwa Kiswahili chake cha taratibu akasema hivi.

"Nina miaka kumi na tatu hapa. Wanyamwezi wana watani wao, Wamakonde wana wao. Mimi nina shikamoo tu. Leo ndiyo mara ya kwanza mtu kunivua kofia."

Nikamnyooshea pama. Akalikataa mara ya pili. Akasema kaa nayo, nitakuja kuikomboa kwa baba yako, akauliza kijiji chetu kinaitwaje, akaondoka kipara wazi.

Sasa hapo ndipo woga wangu ulipoanza upya. Tulirudi nyumbani na nafasi ya pili, baba akaridhika, akasema ni heshima ya kutosha. Shangazi hakumwambia habari za pama. Lile pama nililificha kwenye kihenge cha mahindi. Wiki ya kwanza ikapita. Ya pili. Nikaanza kuamini kwamba amesahau.

Jumamosi moja nikamuona anakuja na baiskeli, vumbi tupu, kipara wazi.

Baba alikuwa barazani. Akamkaribisha kama mgeni yeyote, nikatumwa maji. Nilipoleta, Bwana Phiri alikuwa ameshaanza. Alimwambia baba kila kitu, hakupunguza. Kwamba binti yako alinivua kofia mbele ya watu. Kwamba alisema kichwa changu ni cha kubebea pembe.

Baba alimtazama yule mtu kuanzia kiatu mpaka kipara, polepole. Mimi nimesimama na bakuli la maji, naiaga ngoma yangu.

Kisha baba akasema, "Kwani alikosea wapi? Mimi naona hata alama ya pembe bado ipo hapo."

Wakuu, sikuwahi kumsikia baba akitania mtu asiye wa kwao. Bwana Phiri alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza. Akainuka, akakichukua kigoda cha baba alichokuwa amekikalia miaka yote, akakifunga kwenye baiskeli akasema hiki ni cha babu yangu, mlimwibia. Baba akanituma mimi nikalete pama, akamvisha kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia funika aibu yako.

Kigoda hakikurudi mpaka mwezi uliofuata. Ndivyo walivyoanza. Wakawa wanaibiana vitu miaka yote, na mimi nikaendelea kucheza mpaka nilipopata mtoto wa tatu.

Namalizia.

Baba alifariki bado tuko kwenye Ujamaa huohuo. Wanaume walipolitoa jeneza nje kwenda makaburini, wakakuta mtu kalala chali mbele ya baraza, kavaa shati jeupe la pasi, pama limefunika uso. Shehe akasimama akasubiri, mila anaijua. Vijana wasiomjua wakataka kumwondoa, Shangazi akawazuia.

Bwana Phiri akasema kutoka chini ya kofia, huyu mzee haendi popote, anaondoka na kigoda cha babu yangu na hajaaga.

Mama yangu, aliyekuwa hajanyanyua uso tangu jana yake, akacheka. Akacheka na machozi yakimtoka, na sisi wote tukacheka hivyohivyo. Ndipo akanyanyuka kujipangusa vumbi, akavua pama, na akawa wa kwanza kuliweka bega lake chini ya jeneza.

Nilichojifunza ni kifupi. Mtu anaweza kuheshimiwa miaka kumi na tatu na bado akawa mgeni. Wengine wanasubiri tu mtu wa kuwavua kofia.

Haya, uwanja ni wenu. Wewe kabila lako watani wako ni akina nani, na lini mara ya mwisho wamekuchukulia kitu? Na yule kijana aliyesema hatukuwa na starehe aje hapa aniombe radhi, kwa wimbo.