Mabiringanya ya Mama Fumiko

Iko siku moja ya mwezi wa tano ambayo kila nikitaka kuisahau inanirudia, mwanangu. Keti nikusimulie kabla hujaondoka. Ukitaka kunijibu kwa Kiswidi nijibu tu, nimeshazoea, mradi usikilize mpaka mwisho.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka Tanga kuja huku Uswidi kusomea uuguzi, nimepanga chumba hapa hapa mtaa wa Farsta, ghorofa ya pili. Chini yangu aliishi mjane wa Kijapani, Mama Fumiko. Waswidi huitana majina matupu, mtoto na mzee sawa, lakini ulimi wangu ulikataa. Nikamwita Mama, naye akafurahi, maana hakujaliwa mtoto.

Nyumba yake ilifuata majira kama nyumba za kwao. Theluji ikishayeyuka, alitoa mablanketi mazito akayaanika juani siku nzima kabla ya kuyakunja kabatini. Joto likikaribia, alishusha pazia la matete dirishani, akatundika kengele ndogo ya kioo ilie kwa upepo, na ndani ya friji hapakukosekana chai baridi ya shayiri.

"Kwetu joto linachosha mpaka usingizi unapotea," aliniambia. "Hapa navitundika kwa sababu mama yangu alivitundika."

Lakini alichokipenda kuliko vyote ni mabiringanya. Mbegu alitoka nazo kwao, ni za shamba la mama yake. Kila mwaka aliacha tunda moja likomae kabisa, akatoa mbegu, akazikausha, na mwezi wa tatu akaziotesha dirishani. Mwaka ule zilikuwa chache, kwa kuwa kiangazi kilichopita kilikuwa cha mvua tupu. Akazipanda zote. Ikaota miche minane.

Katikati ya mwezi wa tano akaitwa hospitali kupasuliwa nyonga. Akanikabidhi ufunguo wa nyumba yake.

"Mchana itoe kibarazani izoee jua," akaniambia. "Jioni irudishe ndani. Usiisahau hata mara moja. Baridi bado haijaondoka."

Nikaitikia. Wiki nzima nilifanya hivyo. Jumamosi rafiki yangu Mrundi alikuwa anaolewa mji wa Södertälje. Asubuhi nikaitoa miche, nikavaa kitenge kipya, nikakimbilia treni. Nilijiambia nitarudi mapema. Ngoma zikanikolea, mwanangu, nikalala huko huko.

Jumapili mchana nilipofika kibarazani, miche yote minane ilikuwa imelala juu ya udongo, majani meusi, laini kama mchicha uliochemshwa. Waswidi wana jina la usiku wa baridi ya namna hiyo inayokuja watu wakidhani kiangazi kimeshaingia: wanauita usiku wa chuma.

Nilikuwa bado nimechutama pale, simu yangu ikalia. Alikuwa Mama Fumiko, yuko kitandani hospitali.

"Miche yangu haijambo?"

Neno la kweli lilikuwa mdomoni, nikalimeza. "Haijambo, Mama. Inakua vizuri."

"Asante, mwanangu. Sasa naweza kulala."

Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita "mwanangu". Jumatatu nikaenda duka la bustani, nikanunua miche minane ya biringanya yenye kimo kile kile, nikaipanda kwenye vyungu vyake. Iliyokufa nikaitupa. Nikajiona mjanja.

Akarudi mwezi wa sita anatembea na fimbo. Akainama akagusa majani, akaguna kidogo. "Baridi ya huku imeyabadilisha," akasema. Akaitunza miche ile kama roho yake. Kila asubuhi niliposhuka nilimkuta anaongea nayo kwa Kijapani, na kila asubuhi nilipita haraka.

Mwezi wa saba kaka yake, ndugu pekee aliyebaki Japani, akafariki. Nilikaa naye, nikampikia uji, nikamshika mkono. Wiki ile ile watoto wa kaka yake wakasafisha nyumba ya ukoo, vitu vyote wakatupa.

Matunda yakatokea mwezi wa nane. Yalikuwa marefu, ya kung'aa, kama yale ya dukani. Ya mama yake yalikuwa ya mviringo, madogo kama ngumi ya mtoto. Akaniita. Moja lilikuwa mezani.

"Hili si biringanya la mama yangu," akasema.

Nikamweleza yote, nikilia. Nilipomaliza akanywa chai yake taratibu, kisha akasema:

"Kwa baridi nisingekulaumu. Hata mimi niliwahi kusahau. Lakini kaka yangu alikuwa na mbegu hizo kwenye kopo jikoni. Siku ile nilipokupigia simu, alikuwa hai. Ungeniambia, ningemwomba anitumie."

Akaomba ufunguo wake. Hakunitukana, na tuliendelea kusalimiana kwenye ngazi mpaka alipohamia nyumba ya wazee. Lakini hakuniita tena "mwanangu", na mwezi wa tatu uliofuata dirisha lake lilikuwa tupu.

Mwanangu, kuharibu utaharibu. Utasahau, utachelewa, utavunja cha mtu, nami sikukatazi sherehe. Nakuomba jambo moja: ukiharibu, sema siku hiyo hiyo, kabla hujafikiria namna ya kuficha. Mwenye kitu anaweza kuwa na dawa usiyoijua, na dawa hiyo ina muda wake. Mimi nilidhani naficha miche iliyokufa, kumbe nilikuwa namfungia mtu mzima njia ya mwisho ya kurudi kwao. Umri huu nimeuguza wengi, wengine wamenishukuru mpaka machozi, wala haijanitosha.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri na watu wenye moyo wa kukusikiliza. Akulinde na aibu inayomfunga mtu mdomo. Na siku ukiniharibia mimi, nipigie simu hata nikiwa kitandani hospitali. Nenda salama, mwanangu.