Madimbwi Yaliyofagiliwa

Kasmiri wa Ruponda alizaliwa katika nyumba ya watu wa ufagio. Baba yake hakuwahi kuokota korosho kwenye majani; chini ya mikorosho yao palikuwa peupe, na wapita njia walisema shamba hilo lina wenyewe. Kwa sifa hiyo Sista Koleta, msimamizi wa bustani ya mimea ya masista huko Nachingwea, alimpa Kasmiri kazi ya utunzaji.

Bustani ilikuwa na mabonde madogo yaliyojaa maji wakati wa mvua. Hapo huota ndago ukingoni, mpunga-mwitu unafuata, na yungiyungi katikati, kila mmea na kina chake. Kiangazi hubaki udongo uliopasuka na makapi juu yake. Kasmiri alipoyaona makapi yale, akafanya alivyolelewa: alikwatua kwa jembe, akafagia, akachoma. Hakujua kwamba mbegu zote na viazi vya yungiyungi vilikuwa vimelala humo humo.

Mvua zilipokuja, madimbwi yalijaa maji matupu kama beseni. Sista akauliza mimea imekwenda wapi. Kasmiri akaelewa palepale kwamba aliichoma yeye. Jirani yake Abdala, mfuga mbuzi, alikuwa amesimama kwenye uzio. Walikuwa watani tangu kwa babu zao.

"Muulize huyo," Kasmiri akasema. "Mbuzi wake hula hata kanga za wajane."

"Na bado wana njaa," Abdala akajibu. "Wamebakiza ndevu zako tu."

Sista hakujua kuwa hawa ni watani. Alichosikia ni kwamba mmoja ameshtaki na mwingine amekiri. Akapiga marufuku mbuzi wa Abdala kupita karibu na bustani, na sokoni watu wakaanza kumwita Abdala mharibifu. Mtani hamkasirikii mtani, basi Abdala hakulalamika. Aliwapeleka mbuzi wake Ruangwa kwa binti yake, Zulfa.

Kasmiri hakukiri. Alijiambia kuwa analinda jina la marehemu baba yake, lakini aliujua ukweli. Aibu ya nyumba yake alikuwa ameitua kwenye mlango wa mwenzake, na mwenzake ameipokea bila neno.

Mwishowe alimwomba Sista awaite majirani, Abdala akiwemo.

"Mbuzi hawakuingia," alisema mbele yao. "Nilifagia mimi, nikachoma mimi. Utani niliufanya kichaka cha kujifichia."

 Sista akasema wataomba tope lenye mbegu kutoka bwawa moja huko Mtua, walimwage mabondeni. Huenda mimea ikarudi, huenda isirudi. Hakumfukuza.

Kasmiri akamgeukia Abdala, akingoja tusi la utani, hata moja tu.

Abdala alimpa mkono. "Nashukuru umesema kweli, Mzee Kasmiri," alisema kwa upole, kama mtu anayezungumza na mgeni, kisha akaaga vizuri na kuondoka.