Nyaya Hazikugusana

Maabarani walimwita Fundi Baridi, kwa sababu kupoza vitu ndiyo kazi iliyomlisha miaka ishirini na sita. Watafiti walimletea vipande vyeusi vidogo kama punje ya mchele. Yeye akavibandika nyaya nne kwa gundi ya fedha, akavishusha kwenye baridi kali. Wote walitafuta kitu kimoja: kipande ambacho kikipoa, umeme upite bila kizuizi hata chembe. Mikono yake haikutetemeka, na alijivuna kwa hilo.

Siku moja mwanafunzi wa shahada, binti mbishi asiyekata tamaa upesi, alimletea kipande cha chuma kilichochanganywa na aseniki, ile kemikali ya sumu. Fundi akacheka.

"Dada, chuma kina usumaku. Usumaku na kazi yetu ni paka na panya."

"We nipimie tu, kaka."

Akapima. Kizuizi kikaporomoka hadi sifuri. Binti aliruka kwa furaha, akakimbia kumwita Mzee, mkuu wa maabara. Huku nyuma Fundi akakitoa kipande, akakiweka chini ya lenzi, maana nyaya zikigusana huleta sifuri ya uongo. Akazikagua moja moja. Hazikugusana.

Mzee akaingia na wageni wake. "Chuma?" Akaangua kicheko. "Fundi, leo umechemsha! Nyaya zimegusana, sivyo?"

Wageni wakacheka. Fundi aliogopa kibarua kuota nyasi, naye akacheka. "Zimegusana, Mzee." Akachukua daftari la vipimo, akaandika hivyo hivyo kwa wino. Binti akabadilishiwa mada ya utafiti. Mwaka haukuisha akaacha masomo, akaenda kufundisha hesabu shuleni.

Baada ya miaka mitano, asubuhi moja, maabara nzima ikawa gumzo: watafiti wa mbali wametangaza kwamba chuma chenye aseniki kikipozwa hupitisha umeme bila kizuizi. "Nani angedhani!" Mzee akasema. Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Alikitafuta kile kipande drooni, akakipima tena. Sifuri. Akatia daftari kwapani, akaenda shuleni.

Alimkuta binti darasani peke yake, akifuta ubao.

"Nimesikia habari, kaka," akasema kwa bashasha. "Kumbe ilikuwa inawezekana! Bahati mbaya, kwangu mimi zilikuwa nyaya tu. Nadhani nilizisukuma nilipokuwa nakushikia kile kipande."

"Hazikugusana, dada. Nilizikagua kabla hamjaingia."

Binti akaacha kufuta. "Ulizikagua?"

"Nilizikagua."

"Ukajua, halafu ukacheka nao?"

Aibu ilimchoma Fundi hadi masikioni. Hakuweza hata kuinua macho. Akafungua daftari kwenye ule ukurasa, akatoa kalamu.

"Nitaandika ukweli," akasema. "Nitaweka tarehe ya siku ile, dunia ijue ulitangulia."

Binti akausoma mwandiko wake wa zamani, polepole, kwa kidole.

"Andika," akasema. "Lakini weka tarehe ya leo, kaka. Siku ile hukusema kitu."

Fundi Baridi akainama juu ya dawati. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote ya kazi yake, mkono ulimtetemeka.