Zamu ya Tanuri Baridi

Saa kumi na moja alfajiri, Jumamosi ya mwisho ya Septemba, Irmtraud Weyand ameketi kwenye benchi mbele ya nyumba ya tanuri la mikate la kijiji, mikono ameificha ndani ya aproni. Ukungu umelalia mapaa ya Dillscheid. Nyuma yake mlango u wazi, na humo ndani mtu anakohoa.

"Usipulize," anasema bila kugeuka. "Moto si supu."

"Sasa nifanye nini?" yauliza sauti ya ndani.

"Ngoja."

Kwa mwanamke wa miaka sitini na tisa, ambaye mikono yake ndiyo iliyozoea kuliwasha tanuri hili, hakuna kazi iliyopata kumwelemea kama hii ya kukaa. Daktari wa mji wa Simmern amemkataza moshi. Mapafu yamechoka, alimwambia, na hayatapewa mengine.

Jumatatu baraza la kijiji litakutana. Paa la nyumba ya tanuri linavuja, na mwenyekiti, Bi Sigrun Theis, alikwisha kutamka sharti mbele ya wote: tanuri likiwaka leo bila mkono wa Irmtraud, paa litaezekwa upya; lisipowaka, mlango utazibwa kwa matofali.

"Sina chuki na Traudel wala na tanuri," Bi Sigrun alimweleza mwandishi wa habari hii, akimwita Irmtraud kwa jina wanalomwita kijijini. "Ila siwezi kuezeka paa juu ya kumbukumbu."

Kijiji hiki cha nyanda za juu za Hunsrück, Ujerumani, kina watu wasiozidi mia mbili na hamsini. Shule ilifungwa kwanza, likafuata duka, kisha baa. Kasisi anazigawa siku zake kati ya hapa na vijiji vingine sita. Palipobaki pa kukutania pasipo jeneza ni hapa tu, penye tanuri.

Irmtraud ni mwajiriwa wa kijiji. Hufagia ukumbi, hukata nyasi za makaburini, na hulitunza tanuri. Kwa hayo hupokea yuro mia moja na themanini kwa mwezi, juu ya pensheni ya ujane. "Hazishibishi," anasema, "lakini mkate sijaukosa."

Kila baada ya wiki mbili, nyumba za Dillscheid huoka kwa zamu katika moto mmoja. Mawe yaliyopoa kwa muda huo hunywa joto kama ardhi ya kiangazi inywavyo mvua. Mwenye zamu ya kwanza huteketeza matita manne ya kuni ili kuyaamsha. Anayemfuata hutumia mawili, wa tatu moja. Wa mwisho huingiza keki yake ya plamu katika joto asilolichanjia hata ukuni.

Ndiyo maana tangu enzi za mababu zamu hupigiwa kura. Ijumaa jioni kila nyumba huleta kibao chake, kilichochongwa alama ya ukoo, na vyote hutiwa katika mfuko wa unga. Mtunza tanuri huingiza mkono na kuvitoa kimoja kimoja. Na mfuko haubishaniwi.

Kwa miaka kumi na mmoja mfuko huo ulimchagua Irmtraud kuwa wa kwanza, karibu kila mara. Watu wakaufanya mzaha. Volkmar Henn, mwezekaji mapaa mstaafu, humwambia hata leo, "Traudel, mvua ikinyesha tone moja nchi nzima, litakuangukia wewe puani." Naye hucheka nao.

Mambo hayo yalianza katika majira ya baridi yale ambayo jirani yake, Hedda Kuhn, alimzika mumewe. Wiki hiyohiyo, ndani ya mfuko, vidole vya Irmtraud viligusa kibao cha kwanza, vikazitambua alama za nyumba ya Hedda. Akamfikiria mjane asiye na kuni zilizopasuliwa. Akakiachia kibao kile, akatafuta cha kwake.

Mara ya pili alimhurumia mzee mwenye nyonga mbovu. Mara ya tatu, mama mwenye mtoto mchanga. Halafu akawa anakificha kibao chake kiganjani hata kabla ya kuingiza mkono.

"Kila mara palikuwa na sababu njema," anasema. "Baadaye sababu zikaisha, mazoea yakabaki."

Hivyo huruma yake ikazaa jambo ambalo hakulikusudia. Watu walizoea kulikuta tanuri lina moto. Wazee waliojua kuliamsha wakafa mmoja baada ya mwingine, na waliobaki wakasahau mawe yake yakiwa baridi huamshwaje.

Jana jioni, mbele ya watu wa nyumba kumi na nne, Irmtraud aliyaeleza yote hayo. Hakuwa na namna nyingine, kwani daktari alikwisha kukata shauri. Anakiri kwamba moyoni alitarajia kushukuriwa.

Aliyesimama ni Hedda Kuhn, yuleyule ambaye wema huo ulianza kwake.

"Ile mara ya kwanza, dada, Mungu akulipe," alisema. "Lakini miaka yote hii? Umetufanya wageni kwenye tanuri la babu zetu. Leo ukianguka, sisi hata kiberiti hatujui pa kukiweka."

Irmtraud naye hakujitetea. "Nilitaka kulia," anasimulia, "lakini alikuwa amesema kweli."

Akamkabidhi Hedda mfuko. Kibao cha kwanza kilichotoka kilikuwa cha Jorin Baltes, kijana wa kompyuta kutoka nyumba mpya za juu, ambaye mwaka juzi alimlalamikia mwenyekiti kuhusu moshi.

"Haya, bwana mdogo," Volkmar alimwambia, "kesho moshi ni wako."

Ndiye Jorin anayekohoa ndani. Kuni alizoleta zilikatwa masika haya. Zinatoa povu na kulia, hazishiki. Moshi mzito unabingirika kutoka mlangoni, unaufikia ukingo wa benchi. Irmtraud anainuka nusu. Hedda, aliyekaa kando yake, anamwekea mkono gotini.

"Kaa, Traudel."

Anakaa.

Volkmar anatokea ukunguni akisukuma toroli lenye matita ya fito kavu, ya ghalani kwake. Anayashusha mlangoni, anarudi nyuma. "Kuni nimeleta," anasema. "Mikono sikuleta."

Jorin anazikokota nje kuni zake mbichi, anaanza upya. Safari hii moto unanguruma. Kuba la tanuri kwanza huwa jeusi kwa masizi; joto likikomaa, masizi nayo huungua na mawe hupauka. Aliye nje hana alama nyingine ya kuuliza.

"Mawe yana rangi gani?" Irmtraud anauliza.

"Meusi."

Kunakucha. Watu wanafika na mabeseni ya unga uliokandwa, wanasimama wakingoja. Anauliza tena, bado meusi. Mara ya tatu jibu linachelewa.

"Yanapauka," anasema Jorin. Kisha, kwa sauti nyingine: "Bi Traudel, yamekuwa meupe."

Irmtraud anafumba macho.

Mikate ya kwanza inatoka imeungua upande mmoja. Jorin anaitazama kwa haya. Irmtraud anaupokea mmoja, anaugonga tumboni kwa kidole, anasikiliza, anaumega na kula. "Wa kwanza wangu," anamwambia, "mbwa wa mama aliunusa akaenda zake."

Bi Sigrun Theis naye amekuja, beseni mkononi. Hataji paa. Anauliza tu ni nani aliye mbele yake, kisha anajipanga nyuma ya Volkmar. Alipoulizwa kuhusu kikao alijibu kwa ufupi, "Jumatatu nitawaambia wenzangu nilichokiona."

Zamu ijayo kibao cha Weyand kitaingia mfukoni pamoja na vingine, na mfuko utashikwa na Hedda. Kikitoka cha kwanza, Volkmar atawasha kwa niaba yake. Hilo wamekwisha kupatana.

"Na Ijumaa hiyo," Hedda anamkumbusha, "mikono yako iwe mezani, tuione."

Irmtraud anaahidi. Lakini tumaini lake, anasema, ni kwamba kibao chake kitoke mwisho kabisa. Plamu za bustanini zimeiva.

"Miaka kumi na mmoja sasa, sijaoka keki kwa joto la mtu mwingine," anasema, na anaitoa tena mikono ndani ya aproni. "Nataka niijue tena ladha yake."